Dirii ya Mzee Benjamin

Leokadia alifungua mlango wa chumba chake cha mizigo, nyuma ya jengo la Tianxiu Dasha jijini Guangzhou, akaliachia begi likaanguka chini. Deraya kumi na mbili alizoziacha zimefungwa kwenye karatasi zilikuwa uchi, zimepangwa ukutani, chapeo za kichwani hadi dirii za kifuani, zote zimeota kutu. Kuta zinatiririka maji. Madirisha yote wazi.

"Vedasto! Umenifanya nini?"

"Karibu dada. Pole na safari."

"Pole yako kaa nayo! Nimekuuliza umenifanya nini!"

Jamani, mtu mwenyewe si mtoto. Ana mke na watoto wawili Bukoba, serikali imemleta Guangzhou kusomea udaktari wa falsafa, na alichoombwa ni kushika funguo kwa siku nne tu, Leokadia akienda mji wa Yiwu kununua bidhaa. Naye msomi wetu akaziona deraya zimepakwa grisi nzito, akasema huo ni uchafu. Kwao kitu kipya kinaoshwa kwanza. Basi akaziosha kwa sabuni ya unga moja baada ya nyingine, akasuuza, akazianika ndani.

"Grisi ndiyo ilikuwa inazilinda, Vedasto! Na madirisha? Hujui kuwa mwezi huu hewa ya hapa ni maji matupu?"

Vedasto akatoa karatasi mfukoni, akampa. *Fungua madirisha, chumba kisinuke uvundo.* Mwandiko wa Leokadia mwenyewe. Akaisoma mara mbili, akaikunja. Hasira haikuisha, ila sasa hakujua aimwagie wapi.

Kontena lilikuwa linafungwa keshokutwa, safari ya meli ni mwezi na zaidi, na Pasaka mwaka ule ilikuwa katikati ya Aprili. Kwa miaka thelathini baba yake, Mzee Benjamin, alikuwa akida wa askari wa Kirumi kwenye mchezo wa Ijumaa Kuu parokiani kwao, kifuani kavaa boksi la maharage lililopakwa rangi ya fedha. Na kila mwaka mvua ililinyeshea, boksi likalegea, watu wakacheka mbele ya msalaba. Sasa mapafu yake yamechoka, na mwenyewe amesema hii ndiyo mara yake ya mwisho. Leokadia akaapa safari hii baba atavaa chuma, yeye na askari wake kumi na mmoja. Kaka yake Alphonce akazunguka mtaa mzima akitangaza: kutoka Uchina huyo Leokadia ataleta plastiki, mtaona.

"Aiya!" Mama Chen, mwenye chumba, alikuwa amesimama mlangoni. Akapita katikati yao, akayabamiza madirisha, akatoka akifoka Kichina. Akarudi na kidumu cha dizeli, furushi la magazeti makavu, na msasa. Akamtupia Vedasto msasa.

Walisugua siku mbili. Vedasto kila dakika "samahani dada", mpaka Leokadia akamwambia akisema tena atamsugua yeye. Kila deraya ikishang'aa waliifuta, wakaipaka grisi, wakaifunga upya. Kumi na moja zilipona. Ya kumi na mbili, ile pana ya baba, ilibaki na doa kifuani, kubwa kama kiganja. Wakasugua mpaka vidole vikachubuka, kutu ilikuwa imeshakula ndani. Gari la mizigo likapiga honi chini.

"Ifunge tu," Leokadia alisema, machozi yakimtoka kwa hasira. "Ifunge, nitafanyaje sasa!"

Gari lilipoondoka akampigia baba yake. Afadhali aambiwe mapema kuliko kuaibikia kanisani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Vyuma vimeondoka?"

"Vimeondoka. Lakini yako, baba, naomba unisamehe. Imeshika kutu. Kifuani kabisa, imekataa kutoka."

Akasikia kikohozi kirefu, na ndani ya kikohozi kile, kicheko.

"Alphonce!" Mzee Benjamin alikuwa anaita kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. "Alphonce, njoo usikie! Imeota kutu! Ni chuma kweli!"