Vikadi Kwenye Waya

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la karakana, mjomba alikuwa akivaa miwani, anatoa simu mfukoni na kuandika kwa kidole kimoja jina zima la mahali pake pa kazi, pamoja na cheo alichokipachika mwenyewe: Taasisi ya Ukarabati wa Mitambo ya Ushonaji. Simu inafikiri kidogo, kisha inamletea tovuti yake juu kabisa. Hapo anairudisha mfukoni na kumtangazia yeyote aliye karibu, hata kama ni paka wa jirani, kwamba bado ni wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa, lakini wateja hawakuwepo. Rafu iliyokuwa ikijaa cherehani hadi nyingine zinalala sakafuni sasa ilibeba tatu, na mojawapo ilikuwa ya mkewe. Muuza cherehani mpya wa mtaa wa juu alikuwa amekwisha kupita mara mbili kupima chumba kwa hatua zake. Alitaka kukifanya stoo. Fundi mwenyewe angempa kiti na shati lenye nembo, asimame mlangoni mwa duka lake akaribishe wanunuzi. Jibu alilitaka baada ya miezi mitatu. Mjomba hakusema ndiyo wala hapana, ila alianza kupanga bisibisi zake kwa ukubwa ndani ya sanduku, kama mtu anayefunga safari.

Ndipo mpwa wake akaja. Alikuwa binti wa dada yake, aliyemaliza chuo mwaka uliopita, alikosomea uandishi wa mtandaoni. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata akibisha hodi watu walidhani ni upepo. Binamu yake, mtoto wa mjomba, ndiye aliyembandika jina la Kimya, na jina likamganda. Binamu naye aliitwa Spidi kwa jinsi alivyoongea. Aliuza simu, na tovuti ya baba yake aliijenga yeye, kwa alasiri moja, huku anakula.

Kimya alimwomba mjomba ampe hiyo miezi mitatu. Spidi alicheka sana.

"Wewe hata kuagiza chai unanong'ona. Karakana utaitangazaje?"

"Sitangazi," Kimya akasema, macho yake yakiwa kwenye meza. "Nataka kujibu watu."

Spidi alimwambia baba yake kwamba chuo kimemharibu mtoto wa watu. Lakini mjomba alikuwa na udhaifu kwa watoto wa dada yake. Akasogeza koleo na makopo ya mafuta, akampa mpwa wake kona ya meza ya kazi aweke kompyuta yake.

Siku mbili za mwanzo Kimya hakuandika hata neno moja. Alikaa, akasikiliza. Siku ya tatu, mjomba alipotangaza kuwa bado ni wa kwanza, alimgeukia taratibu.

"Mjomba, tuseme mchana huu cherehani ya mtu imegoma. Huyo mtu hakujui. Ataandika nini kwenye simu?"

"Ataandika jina la karakana."

"Hakujui, mjomba."

Fundi akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akaitazama simu yake kama rafiki aliyemdanganya kwa miaka miwili. Maana ilikuwa hivyo hasa. Alikuwa amejitafuta mwenyewe kwa jina alilojipa mwenyewe, na jina hilo duniani kote lilikuwa na mtu mmoja anayelijua.

"Wakija hapa," Kimya aliuliza, "huwa wanasemaje?"

Mjomba aligeuka. Alinyoosha kidole kuelekea ukuta wa nyuma.

Pale kulikuwa na waya tano zilizotungwa vikadi kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, kama samaki wadogo waliokaushwa. Kila cherehani iliyoingia kwake, mjomba alikata kipande cha boksi, akaandika tatizo, akakifunga kwa uzi kwenye gurudumu. Cherehani ikipona, kikadi kinakwenda ukutani. Na hakuandika kwa lugha ya ufundi hata siku moja. Aliandika maneno ya mteja vilevile yalivyotoka. Mgonjwa akikwambia tumbo linanguruma, alimweleza mpwa wake, usiandike kitu kingine, kwa sababu ukiandika chako utatibu chako.

Miaka thelathini na moja ya vikadi. Kimya alisimama mbele ya ukuta ule, na kwa mara ya kwanza tangu afike akacheka kwa sauti.

Jumamosi waliziteremsha waya zote wakakaa sakafuni, mjomba juu ya mto, Kimya juu ya gazeti, Spidi mlangoni akijifanya anapita tu. Walisoma kikadi kimoja kimoja na kukiweka kwenye fungu lake. Inaruka mishono. Inakata uzi. Inatafuna kitambaa. Inashona ikitaka. Inanichukia. Kimoja kilisema tu, "tangu mume wangu aishike," na mjomba akasema hiyo anaikumbuka, mume aliipaka mafuta ya kupikia. Kufika saa nane fungu moja lilikuwa limeyazidi mengine kimo. Wateja walilisema kila mmoja kivyake, kwamba uzi unajikusanya chini, unafanya kiota, kwamba cherehani inaota ndevu kwa chini, lakini ugonjwa ulikuwa mmoja.

Kimya akaweka kiganja chake juu ya fungu lile. "Tunaanza na huu."

Kabla ya kuanza, hata hivyo, kulikuwa na usafi wa kufanya. Alimwita Spidi kwenye kompyuta, akamwomba aburute kipanya juu ya sehemu tupu chini ya ukurasa wa mwanzo. Pale palipokuwa peupe pakajitokeza maneno: fundi bora cherehani fundi bora cherehani, mistari na mistari, yameandikwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe.

"Hiyo ndiyo siri ya kazi," Spidi akasema. "Watu hawaoni, mtambo wa kutafutia unaona."

"Mtambo unaona," Kimya alikubali. "Na unajua pia kwamba wewe umewaficha watu. Tangu hapo hautuamini."

Spidi alijikuna shingo, akasema kwamba zamani ilikuwa inafanya kazi. Kisha akafuta mwenyewe, mstari kwa mstari, kimyakimya, jambo lililomshangaza hata baba yake.

Walifuta pia makala nne ambazo Spidi alizichukua kwenye tovuti za watu. Picha kubwa zilizofanya ukurasa uchechemee dakika nzima kwenye simu ya kawaida walizipunguza, nyingine wakazitoa. Ile ya mzungu anayetabasamu na cherehani isiyo na uzi ilikwenda ya kwanza. Mahali pake Kimya akapiga picha vidole vya mjomba, na kovu lake la sindano kwenye dole gumba. Kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana mtu anapotafuta, hakikuwa tena Taasisi ya chochote. Kilisema: "Uzi unajikusanya chini ya kitambaa? Fanya hivi kwanza." Na jibu lilikaa mwanzoni kabisa, wala si chini ya hadithi ya karakana, kwa sababu mtu ambaye gauni lake limenaswa kwenye cherehani hataki hadithi. Inua mguu unaobana kitambaa. Toa uzi wa juu wote. Uvute upya tangu mwanzo, mguu ukiwa bado juu, ili uzi uingie vizuri kati ya visahani vinavyoubana. Kisha ushushe mguu, jaribu.

Mjomba ndiye aliyetamka, Kimya akaandika. Mwishoni mjomba aliongeza sentensi yake mwenyewe na kukataa iguswe: "Ikiwa bado inaota ndevu, na ukizungusha gurudumu unasikia chuma kinagonga, acha hapo hapo. Usifungue. Hapa panahitaji fundi."

Kila wiki waliandika ukurasa mmoja, fungu moja la vikadi. Kila ukurasa uliunganishwa na mwenzake, ili msomaji wa mishono inayoruka aweze kwenda kwenye uzi unaokatika bila kupotea. Kila Jumatatu Kimya alitazama ripoti ya nafasi yao kwenye majibu ya utafutaji. Wiki ya pili walikuwa mbali, mahali ambapo hakuna mtu anayefika. Wiki ya tano walisogea hadi ukurasa wa nne wa majibu. Spidi alimuuliza kama huko kwenye ukurasa wa nne kuna wanaoishi. Kimya alitabasamu tu. Alikuwa mwoga wa watu, wa simu, wa kuvuka barabara, lakini hili aliliona linakwenda jinsi mtu anavyoona sufuria iliyo karibu kuchemka.

Wiki ya saba simu ya karakana ililia, mjomba akaiweka kwa spika. Alikuwa mama mmoja, akashukuru kwa dakika kadhaa. Amesoma, ameinua mguu, amevuta uzi upya, cherehani imepona. Mungu awabariki. Akakata.

Mjomba aliweka simu chini polepole.

"Kwa hiyo hatakuja."

Kimya aliacha kuandika.

"Thelathini na moja," mjomba akaendelea, na hakupandisha sauti, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nimeinama juu ya meza hii miaka thelathini na moja kuyajua hayo. Wewe umeyagawa kwa mtu nisiyemjua, hata uso wake sijauona. Futa huo ukurasa, mpwa wangu."

Kimya aliificha mikono chini ya meza. Angeweza kufuta, ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili, na amani ingerudi chumbani kabla ya chai.

"Mjomba, yule mama hakuwa anakuja," alisema. "Angeisukuma cherehani uvunguni, basi. Sasa kuna cherehani moja zaidi inayofanya kazi, na mwenyewe anajua ni nani aliyemwambia ukweli. Siku ikigonga chuma, unadhani atampigia nani? Nikiufuta ukurasa huu, usisubiri miezi mitatu iishe. Funga leo."

Hakuwa amewahi kumwambia mkubwa maneno marefu kiasi hicho. Mjomba akamgeuzia mgongo, akachukua kitambaa na kuanza kufuta cherehani ya mkewe, iliyokuwa safi tayari. Ukurasa haukufutwa. Hawakuuzungumzia tena.

Jumatatu mbili zilizofuata, ripoti ilibadilika sura. Ukurasa wa ndevu uliruka kutoka jibu la ishirini na kitu hadi la tano, na kurasa nyingine zikaburuzika nyuma yake. Kimya alifuatilia watu wanatokea wapi, akakuta wengi wanatoka kwenye tovuti ya chuo cha ushonaji cha upande wa pili wa mji. Mtu pale alikuwa ameweka kiungo cha ukurasa wao na kuandika: "Wanafunzi, someni hapa kabla ya kuniita." Hakuna aliyemwomba, hakuna aliyemnunua. Kimya alimweleza mjomba kwamba kiungo kimoja cha namna hiyo, kutoka kwa watu wa fani na kwa hiari yao, mtambo unakipa uzito kuliko viungo mia moja vya kununua. Mjomba aliguna. Lakini Kimya aliona kwamba ametoa bisibisi moja kwenye sanduku.

Siku ya mwisho ya ile miezi mitatu muuza cherehani alipiga simu kusema atapita mchana. Mjomba alivaa shati la pasi, akakaa.

Saa nne gari la mizigo lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Akashuka mama mnene mwenye utepe wa kupimia shingoni, akauliza fundi wa ndevu ni nani. Kimya alitambua ile sauti ya kwenye simu. Alikuwa mwalimu wa chuo cha ushonaji, yule aliyeweka kiungo. Nyuma ya gari kulikuwa na cherehani kumi na mbili.

"Kumi na tisa nilizitengeneza mwenyewe kwa kusoma kurasa zenu," mwalimu alisema. "Hizi zilizobaki zinagonga chuma. Mliandika tusifungue, na mimi sikufungua. Mafundi wote wa huko mtandaoni wanasema lete, lete. Ninyi peke yenu mmeniambia ipi nisilete."

Mjomba alisimama. Alizungusha gurudumu la cherehani ya kwanza, akainamisha sikio. Akazungusha ya pili. Uso wake ulikuwa wa daktari, lakini miguu yake, Kimya aliona, ilikuwa inachezacheza ndani ya kandambili.

"Mpwa wangu," alisema, "kata vikadi. Mwalimu, niambie kwa maneno yako. Hii inafanyaje?"

Muuza cherehani alipofika hakupata pa kuweka mguu. Rafu imejaa, sakafu imejaa, Spidi amekumbatia cherehani akitafuta pa kuitua. Muuzaji aliulizia jibu lake akiwa nje ya kizingiti.

"Lile shati lako mpe mwingine, ndugu yangu," mjomba akasema bila kuinua kichwa. "Nina wagonjwa."

Kesho yake asubuhi mjomba alivaa miwani kama kawaida. Safari hii hakutoa simu yake. Aliomba ya jirani, mwenye paka, ambaye hajawahi kutafuta habari za cherehani maishani mwake, ili simu isimpendelee. Akaandika kwa kidole kimoja: cherehani inaota ndevu. Alitembeza kidole chini, akasimama.

"Wa tatu," akasema.

Kimya alisogea kuchungulia.

Mjomba aliitazama tena ile simu, akawasoma wawili waliomtangulia, wote wakisema lete, lete, akacheka kidogo puani. Kisha akamrudishia jirani simu yake, akafungua dirisha, na kuvuta kuelekea kwake fungu la vikadi vya mikanda inayoteleza.

"Kaa, mpwa wangu. Andika."