Maji ya Msibani

Mama William alijiandikisha darasa la Kiingereza kwa sababu moja tu. Mwanawe alikuwa ametamka kwamba Krismasi ikipita anaacha shule, anaingia duarani, kwenye shimo la wachimbaji wadogo, kuchimba dhahabu. Otmar, baba yake, duara ndilo lililomfukia.

"Mama, tutakula rozari?" William alimwambia siku ile. Mama hakumpiga. Alimwomba asubiri. Kambi ya mgodi wa Wazungu ilikuwa ikitafuta wanawake wa jikoni wanaojua Kiingereza. Akipata kazi, mtoto abaki shuleni. Wakakubaliana hivyo.

Walisomea ukumbi wa parokia pale Runzewe. Mwalimu wao, Goodness, binti aliyesoma Shinyanga, alikuwa mpole ila mwenye haraka. Aliwafundisha kuomba kwa adabu, "may I", "could you", halafu akaingia kwenye mambo ya mila.

"Msiba wao wanauita 'funeral'. Ila msidhani ni kitu kimoja. Kwao watu wanazika, wanakunywa chai, kesho kila mtu kazini."

"Na maji ya wafiwa anachota nani?" Mama William aliuliza.

"Labda marehemu anaamka anajichotea," akadakia Generosa, jirani yake. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Goodness hakucheka. "Mama zangu, hapo ndipo watakapowanasa. Watawauliza, jirani akifa itakuwaje? Usijibu 'I must go', lazima niende. 'Must' ni neno la mwenye kambi. Lenu ninyi ni 'may'. Unaomba. Akikataa, unabaki na masufuria yake."

Wakaitikia "may I go" kwa pamoja kama litania, Generosa akiwashinda wote kwa sauti. Midomo ya Mama William ilicheza, sauti haikutoka. Alikuwa anaikumbuka siku Otmar alipotolewa shimoni. Generosa huyuhuyu ndiye aliyetangulia kufika, ndoo kichwani. Akina mama wa jumuiya walilala sakafuni kwake mpaka matanga yakaanuliwa, na hakuna aliyeomba ruhusa kwa mtu. Huku kwao, asiyekwenda kwa wenzake huzikwa, ndiyo, lakini ndoo yake haiinuliwi na mtu.

Siku ya usaili Generosa alitoka akitabasamu. "Nimeomba kama mtoto wa komunyo ya kwanza! Ingia, mwenzangu, usiharibu."

Mkuu wa jiko, Mzungu wa sauti ya chini, alimuuliza lilelile. Akilini Mama William alimwona William na tochi kwenye paji la uso, akafungua kinywa aombe. Likatoka jingine.

"Sir, I must go. They came to me."

Yule bwana aliandika kidogo, akamshukuru kwa heshima zote. Shukrani ile aliielewa bila kufundishwa.

Generosa na wenzake wakavaa sare. Krismasi ikapita, na William akatimiza neno lake.

Masika yalipokolea, mama mkwe wake, mama wa Otmar, akafariki. Mama William akaketi mkekani kungoja. Katekista alikuja, na vikongwe wachache wasioweza kubeba kitu. Ndoo zilikaa mlangoni, tupu. Mchana Generosa akapiga simu.

"Pole, Mama William. Niko zamu."

"Uliwaomba?"

"Niliogopa hata kuomba, mwenzangu."

"Haya. Mungu akulinde huko."

Akainuka mkekani, mfiwa mwenyewe, akajitwika ndoo akaenda kisimani. Vikongwe walitazama chini. Jambo hilo hawakuwahi kuliona. Alisali Salamu Maria njia nzima, lakini ilikuwa chungu mdomoni kama mwarobaini.

Kurudi kwake akapitia makaburini. Wanaume nao walikuwa wa kuhesabika. William, aliyetoka duarani asubuhi ile, alikuwa ndani ya kaburi la bibi yake, udongo umemfika mabegani, tope jekundu kwenye nyusi.

"Mama, rudi ukae mkekani."

"Nikikaa, watu watakula nini?"

William akainama tena. Alichimba haraka, bila kupumzika, na kuta za kaburi zikashuka zimenyooka kama za nyumba. Mzee Masele, mmoja wa wanaume wale wachache, alisimama pembeni, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mama William, kijana wako anajua kuchimba."

"Anajua, baba," alisema, akaishika ndoo isimwagike, akaenda kuwasha moto.