Panya Waliokufa Wamepona

Mimi ni mwoga, wala silifichi hilo. Changsik, mwenzangu wa maabara, hunicheka kwamba nimeishi na panya miaka yote hii na bado nikifungua kizimba nafumba jicho moja. Lakini vuli hii woga wangu ulikuwa na jina. Ulikuwa unaitwa Taeo, mtoto wa dada yangu Geumju, mwenye umri wa miaka minne.

Vipimo vilionyesha kwamba Taeo amezaliwa na jeni moja mbovu. Daktari alimwambia dada kuwa jeni hiyo hutengeneza protini inayohusika na mwako wa mwili, ule wa homa na uvimbe, ila kazi yake hasa bado haijulikani.

"Si ndiyo kazi yako hiyo?" dada alinipigia simu akifoka. "Basi waulize hao panya wako."

Nikawauliza. Tulikuwa na panya weusi wa aina mbili: wa kawaida, na wale waliozaliwa bila jeni ile. Kwa macho usingewatofautisha. Wote walikuwa wanene, wenye fujo, wanaopigania mbegu za alizeti. Tukawatia puani vijidudu vya kichomi, kisha tukangoja.

Wakati tunangoja, Taeo naye akashikwa na homa huko kwenye shule ya watoto, akalazwa. Kila asubuhi nilikuwa navaa koti la maabara na kofia, naingia chumba cha panya kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Panya wote walikuwa wamejikunyata, manyoya yamesimama. Halafu siku moja nikakuta wameamka, wa kawaida na wasio na jeni, wanakula, wanakimbizana. Nililia pale pale, miwani ikajaa ukungu.

"Unaona?" alisema Profesa Bae, mkuu wetu, akisugua viganja. "Hiyo jeni ni pambo tu. Leo hakuna kazi tena, twendeni tukale nyama!"

Kwetu mkuu akisema twendeni tukale, huulizi nani atabaki kuwaangalia wanyama. Unavaa koti lako, unafuata. Tulikaa kuizunguka meza yenye jiko la mkaa, tukageuza vipande vya nguruwe, tukamiminiana soju, pombe kali ya kwetu, kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Nikatoka mlangoni kidogo nikampigia dada.

"Wamepona wote," nikamwambia. "Tulia sasa."

"Na huyu wangu homa imeshuka!" Geumju akacheka kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. "Daktari anataka abaki aangaliwe, ila mimi kesho namchukua. Chakula cha hospitali hakili kabisa."

Sikumkataza. Nilirudi mezani nikala kwa raha.

Asubuhi nilipofungua chumba cha panya nilijua kabla sijaangalia, kwa sababu upande mmoja ulikuwa kimya. Panya wa kawaida walikuwa wanatafuna. Wale wasio na jeni walikuwa wamerundikana kwenye pembe za vizimba, wamekakamaa, wa baridi. Niliwagusa mmoja mmoja na hakuna aliyesogea.

Changsik alichukua mapafu yao akayapima, akarudi amekunja uso.

"Ranhui, hakuna vijidudu humu. Hata kimoja. Wamevimaliza vyote."

"Sasa wameuawa na nini?"

"Na miili yao wenyewe. Vita vimekwisha, na jeshi bado linapiga, linapiga nyumba yake. Nadhani hiyo protini ndiyo inayosema basi, inatosha."

Nikatoka nje bila kuvua koti la maabara, jambo ambalo ni marufuku, nikapiga simu. Geumju akapokea huku sufuria ikilia nyuma yake.

"Tumeshafika nyumbani! Nampikia uji wa kuku. Amecheza asubuhi nzima, sasa kalala."

"Dada, mguse miguu."

"Ya nini tena?"

"Mguse tu, nakuomba."

"Wewe na panya wako mtanitia wazimu. Mtoto kapona, Ranhui. Mwache alale."

"Geumju! Mguse miguu!"

Sijawahi kumwita dada yangu kwa jina kavu namna ile, na nadhani hilo ndilo lililomnyanyua. Nikasikia ndara zake sakafuni, mlango ukafunguliwa. Akaita, "Taeo." Akaita tena. Mara ya tatu sauti haikuwa yake.

"Ni ya baridi," alisema. "Mdogo wangu, ni ya baridi, na haamki vizuri. Nifanye nini? Niambie nifanye nini."

"Mbebe, mrudishe hospitali sasa hivi. Waambie vijidudu vimekwisha, ni mwili wake ndio unaomla. Wampe dawa ya kutuliza mwako, na wasingoje. Ukifika tu, nipe daktari kwenye simu."

Alikuwa anashuka ngazi, nasikia pumzi zake, nasikia mtoto akikoroma kifuani mwake.

"Hiyo dawa," alisema, "mmeijaribu? Inawaponya?"

Hatukuwa tumeijaribu hata kwa panya mmoja.

"Inawaponya," nikamwambia. "Kimbia."