Perege Waliokuja Kula

Noela alipoona perege wametoa midomo juu ya maji, alijua. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Ukungu wa asubuhi bado ulikuwa umelalia mashamba ya Nangara, na bwawa zima lilikuwa midomo mitupu, inafunguka na kufumba, inatafuta hewa. Maji yalinuka pumba zilizochacha.

Na hilo bwawa, tuelewane, halikuchimbwa porini. Lilichimbwa kwenye shamba la mahindi la mama yake, Kandida, shamba pekee aliloachiwa na marehemu mumewe. Mama hakutaka. Lakini binti amesomea ufugaji wa samaki, amerudi na kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna grafu inayoonyesha perege wakikua kutoka vifaranga mpaka saizi ya kuuzwa. Utabishana vipi na mstari? “Haya mwanangu,” mama akasema, “lakini ujue hapa ndipo tunapokula.” Msimu ule hawakuvuna hata gunzi. Jioni mama alikuwa akimpakulia Noela ugali, yeye mwenyewe anasema ameshakula jikoni.

Noela hakuwa mjinga, msimwonee. Alijua samaki hakui vilevile maisha yake yote. Akiwa mdogo anakwenda mbio, akishapevuka anapunguza mwendo, kwa sababu nguvu inahamia kwenye kuzaa. Hilo aliliweka kwenye hesabu zake, na mstari ulipanda, kisha ukapinda. Balaa lilianzia kwenye kupima. Hakuwa na wavu mkubwa wa kukokota. Kwa hiyo kila alipotaka kupima, alimwaga pumba kwenye kona moja, perege wakaja mbio, akawachota kwa kinyavu na kuwaweka kwenye mizani. Wamenona. Akapima tena baadaye, wamenona zaidi. Akautazama ule mpindo kwenye grafu, akauona ni uoga wa vitabu tu, akaufuta. Mstari ukanyooka kwenda juu, naye akafurahi, akaongeza pumba na dagaa wa kusaga, maana samaki wakubwa wanataka chakula kingi. Jamani, huyu binti.

Sasa alikuwa anakimbia kuelekea mferejini. Zamu ya maji ilikuwa ya mzee Melkiadi, jirani yao, aliyekuwa akimwagilia vitunguu, na kwao zamu ya mtu haiguswi. Watu wameshawahi kukunjana mashati kwa ajili ya hilo. Noela hakukumbuka hata shikamoo.

“Baba, samaki wanakufa. Nigawie maji.”

Mzee alimtazama usoni, akaziba njia ya maji ya kwenda kwake kwa udongo. Maji yakaja, lakini kidogokidogo. Noela akajitosa bwawani mpaka kiunoni, anachota kwa beseni na kuyarusha juu yapate hewa, analia, anamwomba Mungu, anachota tena. Mama naye akaingia na ndoo, na khanga yake mwilini. Wakachota mpaka mikono ikafa ganzi. Midomo ikaanza kupungua, na Noela akadhani wanapona. Kumbe walikuwa wanageuka matumbo juu, mmoja baada ya mwingine.

Akaokota mmoja. Alikuwa mdogo ajabu, kichwa kikubwa, mwili umekonda. Hakuwahi kumpima samaki wa namna ile. Akaokota mwingine, yuko vilevile, na chini ya taya pamevimba. Akampanua mdomo kwa kidole gumba, mayai ya manjano yakamwagika kiganjani.

Akaelewa, na kuelewa kulimuuma. Perege jike huatamia mayai kinywani, na akiwa nayo hali chochote. Hata umwage pumba za mji mzima, yeye anabaki kule chini amefumba mdomo. Majike hao hawakuwahi kufika kwenye ile kona. Noela alikuwa akiwapimia chakula wasiokula, na chakula chao kikaoza na kumaliza hewa ya wote. Kitabuni alilisoma hilo, akalijibu kwenye mtihani, akapata na alama.

“Mama,” akasema, “nilikuwa nawapima waliokuja kula tu.”

Kandida hakumgombeza, na afadhali angegombeza. Aliyatazama yale mayai, akapanda tuta taratibu, akasimama pale juu akikamua maji kwenye khanga. Ilikuwa imemganda mwilini. Noela aliona mifupa ya mabega, akaona mbavu, akaona mikono iliyobaki ngozi, na akashindwa kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona mama yake akitia tonge mdomoni.

“Mama, jana ulikula nini?”

“Si nilikwambia nilikula jikoni.”

“Ulikula nini?”

Mama akageuka akatazama upande wa vitunguu vya Melkiadi. “Toa hao samaki kwanza,” akasema, “kabla hawajaharibika.”