Sauti ya Akuol Iko Lodwar

Darasa la jioni la kompyuta, kule Kakuma, lilikuwa na mashine chache na wanafunzi wengi, na sheria yake ilikuwa moja: ukiinuka, umeacha kiti. Kwa hiyo Adhel aliandika programu yake huku binti yake mchanga, Akuol, amelala mapajani. Kila mtoto alipolia, Adhel alibonyeza kwanza kitufe cha kuhifadhi kazi, ndipo akainuka kwenda kumnyonyesha nje, kwenye kivuli cha tangi la maji. Mtu mwingine alikaa. Kazi ilibaki salama.

Programu ilikuwa ya ofisi moja ya visima huko Lodwar. Ilikuwa na dirisha moja lenye majina ya pampu za mkono, kuanzia Todonyang hadi Kainuk, na pampu iliyoharibika iligeuka nyekundu mpaka fundi atumwe. Adhel aliiandika kwa lugha ya Python. Mwalimu Didace, Mkongo wa Bukavu, aliipitia mstari kwa mstari akasema ni nzuri, na kwamba wakiipenda Lodwar huenda wakampa kazi ya kuitunza. Adhel aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa.

Flashi ya kwanza ilikwenda Lodwar na Ekuru, dereva wa ofisi hiyo, ikarudi naye.

"Ejok, Mama Akuol," Ekuru alisalimu kwa Kiturkana. "Imekataa. Dirisha jeusi linafunguka, linafunga. Sellah anasema hata hakuwahi kusoma imeandika nini."

Sellah alikuwa karani wa ofisi ile. Didace hakushangaa. Kompyuta ya Lodwar haikuwa na Python ndani, wala intaneti ya kuishusha.

"Ulituma unga bila sufuria, mama," alisema. "Kule hakuna kitu. Fungasha byote programu iko inategemea. Byote. Chombo cha kufungasha kitatafuta chenyewe, wewe kiache kitafute."

Adhel aliogopa kukosea mara ya pili. Kwenye maagizo ya kufungasha alifuta kila mahali alipokuwa ameandika kitu fulani kisibebwe, akaamuru vyote viingie kwenye faili moja la kubofya. Chombo kikaanza kutafuta. Kilichukua maktaba za madirisha, kikachukua fonti, kikachukua kipicha cha pampu, kisha kikasimama. Akuol alikuwa akilia. Mistari ikaanza tena kushuka kwenye kioo, na katikati ya kilio Akuol akanyamaza, mdomo ungali wazi, machozi yakiendelea kutiririka. Kioo kikaandika kwamba kazi imekamilika.

"Imenenepa," alisema Didace alipotazama ukubwa wa faili.

Nje, Ekuru alikuwa hajazima gari. Alipokea flashi, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaondoka.

Adhel alifikiri koo la mtoto limekaushwa na vumbi. Alimpa maziwa, akamfunika asipigwe na upepo, na asubuhi akampeleka kliniki. Daktari alimulika kooni kwa tochi. Koo lilikuwa zuri. Mtoto alikuwa amepanda uzito.

Simu ya Sellah ilimkuta bado kwenye benchi la kliniki.

"Mama Akuol, hongera. Imefunguka vizuri, pampu zote naziona. Bosi wetu, Madam Jerotich, amefurahi sana. Lakini kuna mtoto analia ndani."

Adhel alimtazama Akuol. Mdomo ulikuwa wazi, ulimi ukitetemeka.

"Analia sasa?"

"Sasa hivi. Kwa spika."

Adhel akafungua vifungo vya gauni, akampa ziwa.

"Amenyamaza," alisema Sellah. "Eh, asante. Tulikuwa na mgeni hapa."

Jioni Didace alisikiliza habari yote huku akifuta ubao.

"Kila ulipohifadhi kazi, mtoto alikuwa analia?"

"Kila mara. Ndiyo ilikuwa alama yangu."

"Hakuna siku ulihifadhi bila yeye?"

"Hakuna."

"Basi iko ilitegemea," alisema Didace, kwa sauti aliyotumia kumwonyesha mwanafunzi nukta mbili zilizosahauliwa mwishoni mwa mstari. "Chombo hakikukosea."

"Sellah akiifuta, sauti itarudi?"

"Akiifuta, mi sijue itaenda wapi."

Usiku huo Adhel alimwandikia Sellah ujumbe kwamba asifute kitu chochote. Sellah alijibu kwamba ameelewa, na kwamba ameandika USIGUSE kwenye karatasi akaibandika juu ya mashine, kwa sababu mfagiaji wao ana mkono wa haraka.

Walijaribu kuinakili. Flashi ilifika Kakuma ikiwa na programu nzima, pampu zote, rangi zote, lakini sauti ilikuwa imebaki kwenye mashine ilikofunguliwa mara ya kwanza. Didace alisema dawa ni moja. Mwenye sauti akae mbele ya mashine ile, faili lifunguliwe, achukue kilicho chake.

Sellah aliomba kompyuta isafiri. Madam Jerotich alisema hana ubaya na mtoto wa mtu, ila mashine ile ina namba ya mali ya ofisi, na haitoki mlangoni bila sahihi ya Nairobi. Alituma ombi. Nairobi hawakujibu.

Basi Adhel akamfunga Akuol mgongoni, akaenda kupanga foleni kwenye dirisha la vibali, kwa sababu mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali.

"Lodwar kufanya nini?" aliuliza afisa.

"Kuchukua sauti ya mtoto wangu. Iko kwenye kompyuta ya ofisi ya visima."

Afisa aliangalia sababu zilizobandikwa ukutani, akazifuata kwa kalamu. Ugonjwa. Shule. Kesi mahakamani.

"Ni mgonjwa?"

"Kliniki wanasema ni mzima."

"Basi sauti haiko kwenye orodha hii, mama. Ingekuwa ugonjwa ningekusaidia. Njoo kesho, nitauliza mkubwa."

Alikuja kesho yake. Mkubwa alikuwa safarini. Akaambiwa aje kesho.

Kazi ya kuitunza programu alipewa yule aliyeweza kufika Lodwar, kijana mmoja wa Kitale. Programu yenyewe ilifanya kazi vizuri. Pampu ya Katilu iligeuka nyekundu, fundi akatumwa. Ya Todonyang nayo, mbali kule mpakani, ikapata mpini mpya. Ekuru alipita Kakuma akasema watu wa kule wanamsalimu mama wa programu.

Adhel na Sellah walizoea. Mtoto akilia, Sellah alipiga simu ikalia mara moja akakata, na Adhel akaacha alichokuwa akifanya, akaenda kumwangalia Akuol. Kilio cha njaa kilikuwa mlio mmoja; cha maumivu, Sellah alipiga tena na tena hadi apokelewe.

"Huyo ameumwa na kitu. Mwangalie mguu."

Alikuwa siafu.

Lakini Jumapili ofisi ilifungwa. Siku za wageni Madam Jerotich alizima spika. Stima ilipopotea Lodwar, Adhel hakuwa na namna ya kujua, na simu iliyonyamaza ilimtisha kuliko iliyolia. Siku hizo alipika akiwa amemtazama mtoto usoni, akafua akiwa amemtazama mtoto usoni. Majirani walimwambia ana bahati kupata mtoto mpole hivyo.

Mwaka uliofuata Akuol alisimama akishika ndoo. Asubuhi moja alimtazama mama yake, akafungua midomo, akaifunga, akaifungua tena. Simu ikalia, na haikukatwa.

"Amesema," alisema Sellah.

"Amesema nini?"

"Ameita mama. Waziwazi. Mpaka mimi nimeitika."

Adhel alikaa chini. "Weka simu karibu na spika ya kompyuta, dada."

Sellah akaiweka. Akuol alifungua midomo tena, na baada ya kitambo kidogo, ikitokea Lodwar, ikiwa na mlio wa feni na mlango wa ofisi ndani yake, sauti ikamfikia Adhel sikioni. Ilikuwa nzito kidogo kuliko alivyofikiria. Aliisikiliza hadi salio la Sellah likaisha.

Jumatatu akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwenye dirisha la vibali. Afisa alikuwa yuleyule, na sababu ukutani zilezile.

"Sasa anaongea," alisema Adhel.

Afisa alimtazama Akuol, na Akuol akamtazama afisa.

"Mbona simsikii?"

"Yuko Lodwar."

"Njoo kesho, mama," alisema afisa, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya akamchekea mtoto.

Akuol naye akacheka, akachezesha midomo.

Adhel alikuwa hajafika nyumbani simu ilipolia.

"Leo ana neno jipya," alisema Sellah. "Amelirudia kama mara kumi. Anasema kesho."

"Ndiyo," alisema Adhel, akamweka sawa mgongoni. "Hata mimi nimeambiwa hivyo."