Hodi ya Saa Moja

Kosa lilikuwa la Mwalimu Lusungu mwenyewe, na hakuwahi kulikana. Siku moja jirani yake, Bi Mwanaasha, alikuja macho yamemvimba. Mtandao mkubwa wa kijamii aliokuwa akiuzia ulikuwa umemfungia akaunti bila kumwambia amekosa nini, na picha za mikeka aliyosuka miaka sita zimekwenda na wateja wake wote. Mwalimu, mstaafu wa fizikia, alitaka kumfariji kwa lugha nyepesi. Akamwambia upo mtandao mwingine usio na tajiri. Programu yake ni ya wote: yeyote anaichukua bure, anasoma ilivyoandikwa, anaiweka kwenye kompyuta yake. Ni kama mtaa, akasema. Kila nyumba ina mwenyewe na taratibu zake, lakini watu wa nyumba zote wanaonana na kuongea.

"Nyumba yangu mie ni ile pale," akamwonyesha kompyuta kuukuu iliyokuwa ikivuma juu ya kabati la vyombo, pembeni ya picha ya marehemu mkewe. "Karibu uishi humo."

Kesho yake saa moja asubuhi ikasikika hodi getini. Bi Mwanaasha alikuwa na simu mkono mmoja, bakuli la vitumbua mkono wa pili, na amekuja kuomba ruhusa ya kuweka picha ya mkeka mpya.

Mwalimu alidhani anataniwa, kumbe hapana. Mwanaasha ni Mzaramo wa Mbagala, na tangu azaliwe hajaingia nyumba ya mtu bila hodi. Sasa aanze uzeeni, tena kwa mwanamume anayeishi peke yake, awe anajipenyeza humo na picha zake kimyakimya kama paka? Hilo halikumwingia akilini hata kidogo. Mwalimu angeweza kumweleza kwa sentensi moja kwamba anaweza kubonyeza akiwa kwake. Sentensi ilimfika mdomoni, ikakutana na harufu ya vitumbua, ikarudi ilikotoka.

Ikawa ndiyo desturi yao. Hodi, karibu, chai vikombe viwili, picha inawekwa, kisha wanasoma pamoja salamu za watu wa nyumba nyingine, wa Songea, wa Mombasa, hata mzee mmoja wa Ureno anayesuka vikapu. Umeme ulipokatika mtaani kwao Chamazi kote na kompyuta ikazimika, Bi Mwanaasha aliona kwenye simu nyumba haifunguki, akaja mbio na uji wa pilipili manga akiamini Mwalimu anaumwa. Mwalimu hakuwa na ugonjwa wowote. Uji aliunywa wote.

Wakazi wa nyumba ile walikuwa hao wawili tu, na Mwalimu aliipenda kuliko alivyothubutu kusema.

Mwezi wa nne wa desturi hiyo, Lulu, mpwa wa Bi Mwanaasha anayefanya kazi Msasani, akaleta habari. Kina mama wasuka mikeka wamefungua nyumba yao humo mtandaoni, kubwa, isiyozimika umeme ukikatika, na mtu anahamia huko na wafuasi wake wote. Bi Mwanaasha akaja kuomba ushauri. Alikuwa na wafuasi mia tatu, oda zinaanza kurudi, na kila umeme ulipokatika wateja walikuta kimya.

Mwalimu aliitazama chai yake. Akisema kuhama ni hatari, ataaminiwa, na asubuhi zake zitabaki. Alijua hivyo, na alijionea aibu kwa kujua.

"Hama," alisema. "Huko kunakufaa zaidi. Na unisamehe kitu kimoja. Ile hodi haikuwa lazima. Picha ungeweza kuziweka ukiwa kwako, tangu siku ya kwanza."

Bi Mwanaasha alikiweka kikombe chake mezani.

"Miezi minne, Mwalimu?"

"Miezi minne."

Akachukua bakuli lake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Mchana ule ule Mwalimu aliona tangazo kwamba Bi Mwanaasha amehama. Wafuasi mia tatu wakamfuata mmoja baada ya mwingine, kama mtandao ulivyoundwa. Mwalimu akawa anatazama mambo yote yakienda sawasawa, na roho inamuuma.

Asubuhi iliyofuata alichemsha chai ya mtu mmoja. Kikombe cha pili alikitia nyuma kabisa ya kabati, asikione. Saa moja ikafika. Hodi ikasikika getini.

Alifungua. Bi Mwanaasha alimpita na bakuli lake, akaliweka mezani.

"Kwani mtu akihama nyumba," aliuliza, "ndiyo amekatazwa kupita kumsalimia jirani?"

Kisha akaiangalia meza.

"Na kikombe changu umekificha wapi?"