Kilo Tisa za Karani

Ndege ilipoanza kutua Mpanda kila Alhamisi, watu wa mjini walijisifu mpaka wakachosha. Ungedhani Mpanda imehamia Ulaya. Ndege yenyewe ilikuwa na viti vitano nyuma ya rubani, na uwanja wenyewe ulikuwa nyasi zilizofyekwa, ambako ng'ombe wa Wasukuma walipaswa kufukuzwa kwanza ndipo itue. Lakini mwaka ule wa sabini na saba mvua zilikuwa zimeng'oa reli ya Kaliua mara mbili, na malori yalikuwa yakilala njiani wiki nzima. Kampuni moja ndogo ikaona mwanya, ikafungua njia mpya: Tabora hadi Mpanda, na siku zijazo kijiji cha Mamba, kwenye kiwanja cha misheni. Nauli ilikuwa shilingi sitini. "Nauli ya mtu wa kawaida," lilisema tangazo lililobandikwa mlangoni pa posta.

Chini yake, kwa maandishi madogo, ndipo mtu wa kawaida alipokutana na masharti. Mzigo usizidi kilo kumi na tano. Kila kilo ya ziada, shilingi tatu. Abiria naye atapimwa, pamoja na viatu vyake. Hilo la mwisho liliwachekesha watu sokoni kwa siku nyingi. "Kumbe sasa na sie ni mazao!" walisema.

Mpimaji alikuwa Leodgar, ambaye kila mtu alimwita Karani. Kwa miaka kumi na moja alikuwa karani wa ghala la kununulia mazao kule Mamba, na hakuna mkulima wa mpunga wa Mpimbwe ambaye gunia lake halikupita mikononi mwake. Ghala lilipofungwa na vitu vyake kuuzwa, wenzake walinunua madawati na mabati. Yeye alinunua mizani. Kampuni ya ndege ilikuwa inatafuta wakala mwenye mizani yake mwenyewe, ya kupima mtu mzima na mzigo wake, na Mpanda nzima mtu huyo alikuwa mmoja tu. Alipata kazi kabla hajamaliza kuiomba.

Sasa nitasema alichokifanya, maana yeye mwenyewe hakukisema hadi ilipokuwa imechelewa mno. Mizani ile ilikuwa ya sahani ya chuma, yenye mkono juu na jiwe la kusogeza. Katika mwaka wake wa kwanza ghalani, Leodgar alitoboa tundu chini ya jiwe lile, akayeyusha risasi ya betri kuukuu, akaimimina humo. Jiwe likawa zito kuliko lilivyoandikwa. Tangu siku ile, gunia la kilo mia lilisomeka tisini na moja. Mkulima alilipwa tisini na moja, ghala lilipokea mia, na zile tisa zilitoka kwa mlango wa nyuma. Nyumba yake ya bati ilijengwa kwa kilo tisa tisa. Hakujiona mwizi, alijiona mjanja, na wezi wengi hujiona hivyo.

Alipoileta mizani uwanjani alikusudia kuitoa risasi ile. Kabla hajapata nafasi, msimamizi wa kampuni, Bwana Yotham, alifika kutoka Tabora na nta yake nyekundu. Alilivisha jiwe kipande cha kitambaa, akakifunga kwa uzi, akalipiga lakiri. "Lakiri hii ikivunjika, Karani, na kazi yako imevunjika," alisema. Risasi ikabaki mle ndani, na muhuri juu yake.

Alhamisi ya kwanza Leodgar alipima, akaandika, akajumlisha. Rubani, kijana mcheshi aliyeitwa Maximilian, alinyoosha mkono. "Nipe jumla, Karani." Aliitazama karatasi, akahesabu kwa midomo, kisha akaamua mafuta ya kutia. Hakuitazama mizigo wala watu. Alitazama karatasi tu, na karatasi ilikuwa imeandikwa na Leodgar.

Hapo ndipo baridi ilipomshika, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Kule ghalani zile kilo tisa zilikuwa zinakwenda kwake nyumbani. Hapa zilikuwa zinapanda ndege. Aliwaza hivyo huku akiiangalia ikikimbia juu ya nyasi, ikikimbia zaidi, ikinyanyuka kwa shida mwisho kabisa wa uwanja. Na pembeni yake, juu ya sahani tupu, mkono wa mizani ulipanda na kushuka taratibu, kama mtu amekanyaga na kuondoka. Leodgar alijiambia ni upepo. Majani ya miti hayakuwa yakitikisika.

Tangu siku ile hakuwa na raha. Akiwa kwenye banda lake aliona magunia. Akiwapima abiria aliona wakulima wa Mamba wamepanga foleni, wakimtazama kwa ule utulivu wao. Akaanza kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: kupima kwa haki. Mizani ikisema kumi na tano, yeye aliandika kumi na sita na nusu. Mizani ikisema sitini, aliandika sitini na sita. Na kwa sababu kitabu chake cha uzito kilisomwa na kampuni, ilibidi awatoze watu kile alichokiandika. Walioshindwa kulipa aliwaamuru wapunguze unga, wapunguze karanga, waache kuku.

Watu walimchukia haraka kuliko walivyowahi kumchukia alipokuwa anawaibia. "Mkono unasema kumi na tano, kalamu inasema kumi na sita!" mfanyabiashara mmoja wa Kakese alimpigia kelele mbele ya wote. "Nyie makarani hamshibi?" Barua ikaandikwa Tabora, ikatiwa dole gumba na watu kumi na wawili.

Bwana Yotham alikuja nayo mfukoni Alhamisi ya pili ya Machi. Alishuka kwenye ndege, akaenda moja kwa moja bandani, akaweka barua mezani. "Leo nitasimama hapa," alisema. "Utaandika kile mizani inachosema. Si zaidi, si pungufu. Mimi nitarudi na ndege ya wiki ijayo, nikishaona mambo yamenyooka."

Siku hiyo miongoni mwa abiria watano alikuwepo Mama Dorotea, jina lake la ubatizo Eufrazia, mkulima wa Mamba. Alikuwa anakwenda Tabora kwa binti yake aliyejifungua. Yeye na mumewe, Mzee Makarius, walikuwa wamefika Mpanda kwa lori wiki iliyotangulia, na nyuma yao mto ulikuwa umelichukua daraja. Makarius aliubeba mfuko wa mchele wa mkewe begani, akaushusha juu ya sahani kwa uangalifu mkubwa. Kumi na tano kamili. Kisha akamtazama Leodgar usoni, akatabasamu. Miaka kumi na moja mzee yule alikuwa ameleta mpunga ghalani, na Leodgar hakukumbuka kuliona tabasamu lake hata mara moja.

Eufrazia alipanda juu ya sahani na kanga yake mpya, akishika kilemba. "Karani, nipime vizuri," alisema akicheka. "Umepima mpunga wangu miaka yote. Leo ndiyo mara ya kwanza kunipima mwenyewe."

"Simama wima, mama," alisema Leodgar.

Mifuko mingine ikafuata. Kumi na tano. Kumi na tano. Kumi na tano. Hata ule wa mwisho, kumi na tano kamili, bila hata robo kuzidi. Leodgar alishangaa, maana watu hawafungi mizigo namna ile, lakini hofu yake ilikuwa imejaa jambo jingine. Uwanja ulikuwa umelowa. Jua lilikuwa kali, na joto huifanya ndege inyanyuke kwa shida. Alijua hesabu halisi kichwani kama mtu ajuavyo majina ya watoto wake.

"Bwana Yotham," alisema.

"Nini?"

"Mizani hii..."

"Mizani hii ina nini?"

Leodgar aliiangalia ile nta nyekundu. Aliwaangalia watu wa Mamba na Kakese waliosimama kando ya uzio. Aliiona nyumba yake ya bati, akamwona mke wake akipeleka chakula gerezani. Ilikuwa sentensi moja tu. Mtoto angeweza kuisema.

"Inahitaji mafuta kidogo," alisema.

"Basi itie mafuta kesho. Jumla ngapi?"

Akasema jumla ya mizani. Maximilian alihesabu kwa midomo, akatia mafuta, akawafungia abiria mikanda huku akiwatania. Ndege ikakimbia juu ya maji, ikapita kile kichuguu ambacho kila mara ilikuwa imeshanyanyuka kabla ya kukifikia, ikapita na pipa lililowekwa kama alama. Ikanyanyuka. Watu wakapiga makofi. Ikapotea nyuma ya miti ya miyombo upande wa Kakese, sauti yake ikabaki kwa muda, halafu sauti nayo ikakatika. Watu walisimama wakisubiri irudi. Mzee Makarius ndiye aliyeanza kukimbia.

Walikufa wote sita.

Jioni ile mizigo iliyookotwa porini ililetwa bandani kwa Karani ili wenyewe waje kuitambua. Mfuko wa mchele wa Eufrazia ulikuwa umepasuka. Leodgar alizoa, akafagia, akapangusa sahani kwa kitambaa, akafunga mlango kwa kufuli. Asubuhi ya Ijumaa alipofungua, punje za mchele zilikuwa juu ya sahani, chache, zimekaa pamoja katikati. Alisema ni panya. Akafagia. Akageuka kuchukua ndoo, na nyuma yake akausikia mkono wa mizani ukigonga chuma, mara moja, kama unavyogonga mtu mzima anapopanda.

Bwana Yotham alikikagua kitabu siku hiyo hiyo, mstari kwa mstari. "Safi," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Uzito ulikuwa ndani ya kipimo. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Nitaandika kwamba ni matope na upepo. Usiogope, Karani, hakuna atakayekugusa." Aliichana ile barua ya malalamiko vipande vipande. Leodgar alitaka kulia kwa nafuu, na kile alichokisikia kifuani hakikuwa nafuu hata kidogo.

Wengine walizikwa Mpanda. Makarius alikataa. Alisema mkewe atalala Mamba, kwenye makaburi ya misheni, karibu na watoto wao wawili waliotangulia, na kama barabara haipo basi waliomrusha wamrushe tena. Kampuni ilikubali kwa aibu, bila nauli. Jumamosi ikaja ndege nyingine, na rubani mwingine, mtu mzima mwenye mvi, asiyetania. Aliuangalia uwanja, akauangalia mkusanyiko wa watu, akaliangalia jeneza la mninga.

"Nisameheni," alisema. "Sharti ni lile lile. Lazima nijue uzito. Na baada ya lililotokea, nitabeba mpaka pale karatasi itakaponiruhusu, si zaidi."

Wanaume wanne waliliinua jeneza, wakaliweka juu ya sahani. Nyimbo za kanisa zikanyamaza. Leodgar alilisogeza jiwe, na vidole vyake vikahisi nta ya lakiri. Akasogeza tena. Mkono ukapanda, ukatulia katikati, ukakaa kimya kabisa.

Tisini na moja.

Alisoma mara ya pili. Ilikuwa pale pale, tisini na moja kamili, namba aliyoipigia kelele mara elfu mbele ya mlango wa ghala. Mzee Makarius alikuwa amesimama upande wa pili, mguu mmoja mbele, tayari kumfuata mkewe ndani ya ndege pamoja na ndugu zake watatu.

"Ngapi, Karani?" aliuliza rubani, kalamu mkononi.

Leodgar alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakusikia chochote nyuma yake.

"Mia moja," alisema.

Bwana Yotham alisogea, akatazama mkono wa mizani. "Inasema tisini na moja."

"Ni mia moja. Inakula tisa. Imekula tisa tangu Mamba." Alilishika jiwe kwa mikono miwili, akalichomoa, akalipiga ukingoni mwa sahani. Nta ikapasuka, kitambaa kikachanika, na tundu lile likaonekana, limejaa risasi nyeusi hadi mdomoni. "Niliitia mimi. Alhamisi nilijua. Niliijua jumla, nikanyamaza."

Hakuna aliyempigia kelele. Alingojea ngumi, alingojea laana, alingojea hata mawe. Bwana Yotham alikuwa ameketi chini kwenye nyasi zilizolowa na suti yake. Wakulima waliosimama kando ya uzio waliinamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, kama watu walioulizwa swali ambalo wanalijua jibu lake.

Makarius alizunguka jeneza taratibu hadi akasimama mbele yake.

"Tulijua, Karani," alisema.

"Mlijua nini, mzee?"

"Mamba nzima ilijua. Nani asiyejua gunia lake? Tulipoona mizani imekuja huku tukasema, haya, sasa itakula kilo za ndege, si zetu. Tukaambiana na watu wa Kakese. Kila mtu akawa anapima nyumbani kumi na tano, halafu anaongeza." Mzee aliligusa jeneza. "Yeye alisema inatosha, tusimchoshe rubani. Nikamwambia wewe nyamaza, hizi ni haki yetu. Nikaongeza kopo, nikaongeza lingine, mpaka nikajua utasoma kumi na tano. Ule mfuko niliujaza mimi."

Rubani mwenye mvi alikuwa bado ameshika kalamu. Aliwatazama wanaume wale wawili, hakujua amgeukie yupi.

"Andika mia," alisema Makarius. Kisha akainama, akaushika mkono wa jeneza, na akamtazama Leodgar hadi naye alipoinama upande wa pili.